Mkato Niliounyamazia

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri hadi saa tano, na hapa mtaani kwetu Mutakura tope limepanda mpaka barazani. Viatu vyangu viko nje ya mlango, sijavisafisha. Nimerudi kutoka shule, nimekaa mezani, sijabadilisha nguo. Nisipoandika sasa hivi nitapata sababu ya kutoandika, kama nilivyoipata wiki nzima.

Nina wivu.

Wanaonisoma hapa wamezoea niwaandikie vituko vya wanafunzi na habari za bustani yangu ndogo nyuma ya nyumba. Leo sina kituko. Kuna jambo nimelifanya, au niseme sikulifanya, kwa wiki tatu, na leo limenifikia usoni.

Ninayemwonea wivu ni mwalimu mwenzangu, Espérance. Ana miaka ishirini na saba. Alikuja kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na mama yake na wadogo zake, wanaishi mtaa wa Gasenyi, na anafundisha hesabu kama mimi. Mimi nina darasa la saba A, yeye ana saba B. Nimefundisha katika shule ile miaka kumi na sita. Yeye huu ni mwaka wake wa pili.

Mwanzoni mwa mwaka wa shule tuliletewa tableti, zimejaa masanduku mawili, na ndani yake programu ya mazoezi. Mwalimu anaandika maswali, wanafunzi wanajibu kwenye kioo, programu inasahihisha yenyewe papo hapo, na alama zinakwenda kwa ujumbe kwenye simu za wazazi. Direkteri wetu, mkuu wa shule, aliniita mimi kwanza. Sipendi kukumbuka hivyo, maana ingekuwa rahisi zaidi kama angenipita. Hakunipita. Aliniita kwa sababu mimi ni mkubwa, nami nikamjibu, kwa sauti iliyosikika chumba kizima cha walimu, kwamba nina chaki na nina macho mawili, vinanitosha. Wenzangu walicheka. Nilitembea siku hiyo nimeinua shingo.

Ndipo akampa Espérance.

Mwezi wa kwanza sikujali. Tableti zilikuwa zinazimika katikati ya somo, umeme unakatika, watoto wanagombania chaji, na yeye anakimbia huku na huku na nyaya mikononi. Nilimpita dirishani na kumtazama kwa huruma ya uongo. Mwezi wa pili akazoea. Mwezi wa tatu nikaanza kuona mkoba wake.

Mkoba wake ni mdogo. Saa tisa akitoka shuleni anatoka nao begani, mwepesi, kama mtu aliyekwenda kusali. Mimi natoka na mfuko wa madaftari hamsini na nane. Siku hizi magari ya abiria ni ya kungojea mpaka uchoke, kwa sababu ya uhaba wa mafuta, kwa hiyo natembea, na mfuko ule unanikata vidole. Nasahihisha nikiwa nachambua maharage. Nasahihisha Jumapili baada ya misa. Yeye akimaliza somo, kazi zimeshasahihishwa, alama zimepangwa kutoka juu mpaka chini, na anajua ni swali lipi limewashinda wengi.

Kilichoniuma si uzito wa mfuko. Wazazi walianza kumsalimia yeye kwanza. Baba mmoja, ambaye watoto wake watatu wote wamepita mikononi mwangu, alinivuka getini na kwenda kumshukuru Espérance kwa ujumbe wa simu. Katika mkutano wa walimu direkteri aliweka ukutani picha ya alama za saba B, mistari ya rangi inayopanda, akasema, "Madamu Consolate, na we utajifunza kwa mwenzako." Hakuwa na nia mbaya. Nilitabasamu. Meno yaliniuma kwa kuyakaza.

Hata wanafunzi wangu. Msichana mmoja wa mbele aliniuliza, "Madamu, sisi tutapata lini?" Nikamjibu kwamba hesabu ziko kichwani, haziko kwenye kioo. Ni jibu zuri. Lakini nililitoa kwa ukali ambao mtoto yule hakuustahili, na hakuuliza tena.

Sasa niandike lile lenyewe.

Wiki tatu zilizopita, wakati wa mapumziko, alinijia Belyse. Ni wa saba B, si wangu, lakini nilimfundisha mwaka jana. Ni msichana mrefu, mkimya, anatokea Kinama kwa miguu kila siku, na mama yake anauza mboga za lengalenga na nyanya pale soko la Mutakura, mimi mwenyewe hununua kwake. Alikuwa na kipande cha karatasi alichonakili maswali yake na majibu yake.

"Madamu, mi sioni kosa langu," aliniambia. "Nimerudilia kuhesabu mara tatu. Tableti inasema ni faux, si sahihi."

Nikasoma. Urefu mita 7,5, upana mita 0,5, tafuta eneo. Alikuwa ameandika 3,75. Sahihi. La pili sahihi. La tatu sahihi. Yote kumi niliyapigia hesabu, na nane yalikuwa sahihi kabisa. Programu ilikuwa imempa mbili.

Nilielewa kabla sijamaliza kusoma, na kuna sababu. Mimi nilizaliwa Tanzania, wazazi wangu walikuwa wakimbizi, na shule ya msingi niliisoma huko. Huko tuliandika desimali kwa nukta: 3.75. Tuliporudi nyumbani nilikuwa msichana mkubwa, nikaingia chuo cha ualimu, na hapa desimali zinaandikwa kwa mkato, virgule kama wanavyosema. Mwalimu wangu wa kwanza alizungushia nukta zangu zote wino mwekundu na kunipa sifuri, mbele ya darasa, wala hakuniambia kosa ni nini. Nililia chooni. Ilinichukua mwezi mzima kujua kwamba sikuwa mjinga, ila nilikuwa nimeandika nukta badala ya mkato.

Programu ile imetengenezwa mahali wanapoandika nukta. Inamkataa anayeandika mkato, hata kama hesabu yake imenyooka. Watoto wenye simu nzuri nyumbani wamezoea nukta kwenye kikokotoo cha simu, hivyo wanaiandika na kupita. Belyse hana simu hiyo. Aliandika kama nilivyomfundisha mimi mwaka jana, kwa mkato, safi, kwa mwandiko wake ulioinama.

Haya yote niliyajua nikiwa nimeshika karatasi yake. Sentensi moja tu ingemtosha. Ningeweza hata kumshika mkono na kumpeleka kwa Espérance, hatua ishirini, tukamaliza kabla ya kengele.

Nilimwambia akarudie kwa makini.

"Ndiyo, Madamu," alisema, akaikunja karatasi yake mara nne na kuondoka.

Kwa nini? Nimejiuliza sana na jibu si la kupendeza. Nilikuwa nimeiona picha hii kichwani: mkutano wa wazazi, mzazi anasimama na daftari la mwanawe, anaonyesha kwamba majibu ni sahihi na mashine inasema si sahihi, na Espérance pale mbele hajui pa kutazama. Nami nimekaa nyuma, kimya, na madaftari yangu yaliyosahihishwa kwa mkono. Nilitaka atokee mtu mwingine aseme. Mimi nisionekane. Nilikuwa na njaa ya ile picha. Kila siku niliyonyamaza niliona kama naiwekea kuni.

Siku ziliongezeka. Espérance alikuwa kwenye sura ya desimali, na kila wiki alama za nusu ya darasa lake zilishuka. Nilimwona anakaa peke yake mchana, hali chakula. Nikafurahi. Naandika neno hili jinsi lilivyo, kwa sababu nikiandika jingine nitakuwa nadanganya: nilifurahi.

Na leo.

Asubuhi, mvua ikiwa bado inanyesha, direkteri alibandika kwenye mlango wa saba B orodha ya wanafunzi waliowekwa kwenye kundi la kurudilia, wale wa kurudia masomo. Ilipangwa kwa alama za programu. Belyse alikuwa wa tatu kutoka chini. Saa nne na nusu mama yake, aliyepata habari kwa ujumbe wa simu, alifika, amejifunika plastiki kichwani, kitenge kimelowa hadi magotini. Alikuja moja kwa moja chumba cha walimu, na Belyse nyuma yake. Tulikuwa wawili tu mle ndani, mimi na Espérance.

"Madamu, mi nimekuja kumuchukua uyu mutoto," alimwambia Espérance. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyekwisha kuamua akiwa njiani. "Kila wiki message inakuja: mbili, tatu, mbili. Sasa mumemuweka mu wale wa kurudilia. Kama iyi calcul, iyi hesabu yenu, inamukatala, aende kwa dada yangu ajifunze kushona. Sitaki akuwe wa kuchekwa."

Belyse alitazama sakafu.

Nilijua Espérance atasema nini. Atasema mtoto ajitahidi, atasema mashine haikosei. Ningesema hivyo mimi. Lakini Espérance aliinuka, akamvutia yule mama kiti, na yeye mwenyewe akabaki amesimama.

"Apana, Mama Belyse, musimutoe," alisema. "Ni mi ndo mwenye kosa. Ku tableau, pale ubaoni, uyu mutoto anajibu vizuri kuliko wote, mi namuona na macho yangu. Mu tableti anaanguka. Basi kuna kitu mi nafundisha vibaya. Nimebadilisha somo mara tatu, sijakiona." Akanigeukia. "Dada Consolate, we umefundisha miaka mingi. Unaona nini?"

Alikuwa ameishika tableti kwa mikono miwili, kioo kimenielekea, na kazi ya Belyse ya wiki hii iko pale, karibu yote nyekundu. Nikamtazama mama wa watu, maji yanadondoka kutoka kwenye kitenge chake. Nikatazama karatasi ile mkononi mwa Belyse. Alikuwa nayo bado, au nyingine kama ile, imekunjwa mara nne.

"Ni mkato," nilisema. "Programu inataka nukta. Majibu yake ni sahihi."

Espérance alifuta mkato, akagusa nukta. Ikageuka kijani. Akafanya la pili, kijani. La tatu. Alifanya yote kumi, na mwisho ikaandika nane. Akakaa chini kwa uzito, akacheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Mungu wangu. Virgule!" Akanitazama. "Umeiona saa hii?"

Hapo palikuwa na nafasi. Ilikuwa pana, ya kutosha mtu mzima kupita.

"Saa hii," nilijibu.

Belyse aliinua macho. Alinitazama mara moja, si kwa muda mrefu, kisha akamtazama mama yake, kisha sakafu. Mtoto wa miaka kumi na nne aliniona nikidanganya, akajua kwamba nadanganya, akaniachia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mama Belyse alisema, "Kumbe mutoto wangu ana akili," akasema tena, kwa Kirundi, peke yake, na akarudi sokoni bila mtoto. Espérance alinikumbatia. Wakati wa mapumziko alimweleza direkteri mbele ya wote kwamba ni mimi niliyegundua, na direkteri akasema ndiyo faida ya kuwa na mwalimu mzoefu, mashine haiwezi kushinda jicho la Madamu Consolate. Walimu walipiga makofi.

Makofi yale nilikuwa nimeyatamani tangu mwanzo wa mwaka. Sasa nilikuwa nayo. Nilishika kikombe changu cha chai na sikuweza kuinywa.

Saa tisa wanafunzi walipotoka, Belyse alinipita mlangoni. "Mwiriwe, Madamu," alinisalimia, kwa adabu yake ileile. Angenipita bila salamu ningepata nafuu.

Nikachukua mfuko wangu wa madaftari, nikafika getini, nikarudi.

Espérance alikuwa peke yake ndani ya saba B. Alikuwa amezipanga tableti zote juu ya madawati na alikuwa anafungua kazi za wiki tatu, moja moja, anaandika alama mpya kwa mkono kwenye karatasi, kwa sababu programu haikubali kurekebisha alama za wiki zilizopita. Aliponiona akatabasamu na kunisogezea kiti.

Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitapamba. Nilimwambia kwamba Belyse aliniletea karatasi wiki tatu zilizopita. Kwamba niliona siku ileile. Kwamba nilinyamaza kwa sababu nilitaka aaibike.

Aliweka kalamu chini.

"Wiki tatu," alisema.

"Ndiyo."

"Unajua nimefanya nini izi wiki tatu?" Hakupandisha sauti. Alivuta ule mkoba wake mdogo, akatoa bahasha, akaiweka juu ya dawati kati yetu. "Iyi ni barua ya kuacha kazi. Nimeiandika juzi. Nilikuwa na wazo mi si mwalimu. Nilisema wacha watoto wapate mwingine. Nilitaka kuipeleka kesho."

Ule mkoba mwepesi niliouonea wivu miezi yote ile, tangu juzi hicho ndicho kilichokuwa ndani yake.

Niliomba msamaha. Nilisema maneno mengi, na kadiri yalivyozidi kuwa mengi ndivyo yalivyozidi kunihusu mimi: uchovu wangu, miaka yangu, mfuko wangu. Nikajisikia na kuacha. Nikamwambia angalau nimsaidie hizo kazi, tugawane, tutamaliza haraka.

"Apana, Madamu Consolate," alisema. "Leo apana. Nenda nyumbani."

Asubuhi nilikuwa Dada.

Aliirudisha bahasha mkobani, sikujua kama ni ya kupeleka au ya kuchana, na sikuwa na haki ya kuuliza. Akachukua kalamu na kuendelea. Nikatoka.

Nimetembea mpaka hapa kwenye tope, na nitaandika lililokuwa kichwani njiani, ingawa linanitia aibu kuliko yote. Nilikuwa nawaza namna alivyokasirika. Bila kelele, bila tusi, bila kunitangaza kwa mtu. Mimi ningepiga kelele mpaka Kinama wasikie. Na nikamwonea wivu. Hata hasira yake nimeionea wivu.

Kwa hiyo sitaandika hapa kwamba nimepona. Ningependa kuandika hivyo, lakini ni uongo, na leo nimeshasema mmoja, unatosha.

Direkteri bado anaamini nina jicho. Walimu wanaamini. Mama Belyse atanichagulia fungu bora la lengalenga nikipita sokoni, najua, na ataniongezea la bure. Kila mmoja wao amenibebea sifa ambayo si yangu. Na kuna msichana Kinama ambaye jioni hii anasaidia kufunga nyanya za kesho, na anajua kwamba mwalimu wake wa zamani alimtuma akatafute kosa ambalo halikuwepo.

Mwalimu wangu yule wa chuo hakuwahi kuniambia. Labda hakujua kwamba nilikotoka tuliandika nukta. Mimi nilijua.

Kesho saa moja na robo, kabla ya kengele, nitasimama mlangoni pa saba B. Nitamwomba Espérance ruhusa ya kuingia, na akikataa nitangoja nje. Nitamwambia Belyse, wenzake wakisikia, kwamba alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na kwamba nilijua. Kisha nitakwenda kwa direkteri nimrudishie makofi yake. Kisha sokoni. Sokoni ndiko ninakoogopa zaidi.

Najua tayari jinsi itakavyokuwa. Nitasahau neno muhimu, nitaeleza mno. Espérance angelifanya jambo hili vizuri zaidi, kwa maneno machache, amesimama wima. Mimi nitalifanya vibaya.

Lakini nitalifanya.